Donati za Ndizi na Dumu Lisilotobolewa

Mkono huingia ndani ya tanuru kabla ya donati. Hilo ndilo la kwanza, na wengi wenu mnaokuja nyumbani kwangu Somanda na simu zenu mkononi hamtaki kulisikia. Mnataka niwape vipimo vya joto. Mimi sina kipimo cha joto. Nina kiganja cha kulia na Sala ya Bwana. Unaingiza mkono mpaka kwenye kifundo, unaanza, Baba yetu uliye mbinguni, polepole kama mtu aliye kanisani, si kama mtu anayewahi basi. Ukiungua kabla ya "ufalme wako ufike", moto ni mkali mno, vuta makaa nje. Ukifika "utupe leo mkate wetu wa kila siku" na ngozi ikakataa hapo hapo, toa mkono, weka donati. Ukipita hapo mpaka "utusamehe makosa yetu" na mkono bado umestarehe, tanuru ni baridi. Ongeza miti ya pamba, usubiri.

Nilifundishwa hivyo na Sista Agata, mwenyeji wa Bukoba, mpishi wa nyumba ya masista nilikoajiriwa nikiwa msichana. Nilikuwa nimemaliza mafundisho ya ukatekista na nilingoja kupelekwa Migato kufundisha sakramenti. Badala yake nikapewa aproni. Nililia kidogo. Sista Agata akaniambia, "Bwana wetu alilisha watu kwanza, akahubiri na tumbo likiwa limeshiba. Osha mikono."

Siku hizi mnaambiana kwamba donati ya kuoka ni ya afya. Sawa. Lakini haikuzaliwa kwa ajili ya afya, ilizaliwa kwa kukosa mafuta. Ilikuwa miaka ya uhaba. Mafuta ya kula yalikuwa habari, kama habari za mtu aliyesafiri zamani. Sabuni hivyo hivyo. Sukari ikifika duka la ushirika, foleni iliota kabla jua halijachomoza. Mtu angekaanga donati kwa nini? Kwa machozi? Sista Agata aliona ndizi zilizopondeka zikimwagwa sokoni, zile zilizoteswa na safari ya lori kutoka Tarime, akaanza kuziokota. Wauzaji walimcheka.

"Sista, hao mbuzi wako wanakula ndizi kuliko Wahaya."

"Mbuzi wangu wamevaa shela," alijibu. "Niongeze hizo za chini."

Basi sikilizeni sasa, maana ndicho mlichokuja kuchukua. Ndizi iwe na ganda jeusi na nyama nyeupe. Ikiwa njano ni ya kula mezani. Haina utamu wa kutosha. Ikinuka pombe, mpe ng'ombe. Iponde kwa mwiko au uma, usiitwange ikawa uji, iache na vinundu vidogo, hivyo ndivyo mtu atakavyovikuta kinywani akajua kwamba ni ndizi kweli. Vunja mayai ya kienyeji humo. Tia samli iliyoyeyushwa, na maziwa mgando kidogo sana, maana ndizi yenyewe ina maji na itakudanganya. Unga wa ngano uje mwisho, uliochekechwa pamoja na magadi ya kuokea na chumvi ya ncha za vidole. Hapo usikoroge kwa hasira. Geuza mara chache, unga ukishapotea, acha. Anayekoroga sana anaoka kanyagio la baiskeli. Sukari weka kama unayo. Kama huna, ndizi mbili zaidi.

Magadi yaliniaibisha mapema. Wiki yangu ya kwanza nilichukua yale magadi ya kulainishia maharage, nikatia kwa ukarimu. Donati zikatoka na rangi ya chura, na ukitafuna unahisi umelamba kipande cha sabuni. Padre alikuwa mgeni siku hiyo. Akala moja yote bila kusema neno, akafuta midomo, akasema, "Sista Agata, leo nimefanya toba ya Kwaresima nzima." Tangu hapo nikajua kwamba kuna magadi ya maharage na magadi ya kuokea, na kwamba padre wetu alikuwa na subira kuliko mimi.

Shimo la katikati lina kazi. Donati ya ndizi ni nzito, moto haufiki moyoni mwake upesi. Bila shimo utakuta pembeni pameungua na katikati pana uji. Vyombo vyenye shimo havikuwepo. Sista alichukua makopo ya maziwa ya unga yaliyotoka kwenye zahanati ya masista, akayakata mpaka yakabaki mafupi kama kidole cha shahada, akalainisha kingo kwa jiwe. Katikati ya kila moja akasimamisha kikopo kidogo cha nyanya, na ndani yake kokoto, ili kisielee mchanganyiko ukimiminwa. Nje ya kikopo na ndani ya kopo akapaka samli. Ni hayo tu. Nilipoacha kazi pale ili kuolewa, alinifungia makopo hayo katika kitambaa akanipa, kama wengine wanavyopewa masufuria.

Tanuru langu la kwanza nililijenga kwa udongo mweusi wa mbuga, ule unaotupa pamba nzuri, nikidhani udongo unaozaa vizuri utaoka vizuri. Lilipokauka likapasuka kama kisigino cha mkulima. Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini. "Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "umejenga ramani ya mito." Yeye ndiye aliyeniletea udongo wa kichuguu kwa baiskeli, tukauchanganya na samadi na majani. Tanuru lile liliishi kuliko yeye. Kuni zangu zilikuwa miti ya pamba. Bwana shamba alipita kila mwaka baada ya mavuno kutukumbusha kwamba lazima ing'olewe na kuchomwa kabla ya tarehe ya sheria, wadudu wasihamie msimu mpya. Nilimwambia, "Ninachoma, bwana shamba, ila nachoma polepole." Alikuwa akipewa donati, basi anakubali.

Mume wangu alifanya kazi kwenye kinu cha ushirika cha kuchambua pamba. Ruksa ya biashara huria ilipokuja, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, kinu kikanyamaza, watu wakarudishwa makwao. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Nikabaki na binti yetu mmoja, Veronika, na makopo ya Sista Agata.

Sitawadanganya kwamba ruksa yote ilikuwa mbaya. Unga wa ngano ulipatikana dukani bila kumjua mtu. Mafuta yalijaa, kila mtu akakaanga, na mimi nikaendelea kuoka. Kwa sababu hiyo hiyo wateja wakanijua. Nilikaa nje ya hospitali na beseni langu limefunikwa kitambaa cheupe. Wauguzi walinunua, na watu waliokuja kuona wagonjwa. Walisema mgonjwa aliyeshindwa chapati hakuishindwa donati yangu. Waliniita Mama Ndizi. Wasukuma wenzangu walinitania kwamba nimehamia Bukoba bila kupanda meli. Veronika akafaulu kwenda sekondari, na ada ambayo hapo zamani haikuwa mzigo sasa ilikuwa mzigo, lakini tanuru liliibeba. Kila asubuhi nilishukuru. Nashukuru hata sasa. Mtu akipewa miaka mizuri asiseme hakupewa.

Sasa niwaambie habari za dumu.

Enzi ya ushirika, dawa ya kunyunyizia pamba ilitoka kwa karani. Ukirudisha dumu tupu, karani alichukua msumari mrefu na nyundo, akalitoboa chini na ubavuni mbele ya macho yako. Wanawake walimlalamikia. Dumu zuri namna ile, lingechota maji miaka mingi! Yeye alikuwa anatoboa tu, hana hata haja ya kujibu. Ruksa ilipokuja dawa ikaanza kuuzwa na yeyote mwenye stoo. Hakuna aliyekuja na msumari. Madumu yakaingia sokoni mazima, yameoshwa kwa mchanga na majivu, na wale wanawake waliokuwa wakilalamika wakafurahi.

Katika mtaa wetu aliyeuza dawa ni mtu nitakayemwita Mzee Maduhu. Majina ya nyumba ile nimeyabadilisha. Yeye na mkewe wamekwisha kuzikwa. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa na mzee wa buzengo, yaani ule umoja wa majirani unaozika, unaoozesha na unaoamua nani amekosa. Alikuwa mtu wa kusaidia. Dawa aliwakopesha wakulima mpaka mavuno, na bila dawa yake pamba ya mtaa mzima ingeliwa na funza. Mkewe, Mama Suzana, alikuwa rafiki yangu. Tulikaa benchi moja kanisani.

Binti yao Suzana alipopata kipaimara, niliombwa nioke donati za wageni wote. Nilioka tangu alfajiri, Veronika akiponda ndizi. Tulikula zile zilizovunjika, mimi na yeye, za tanuru lile lile. Nikapeleka mabeseni, nikasaidia kugawa, nikarudi nyumbani kumwangalia mzee jirani aliyekuwa mgonjwa. Kwa hiyo sikuwepo juisi ya ukwaju ilipotolewa.

Kabla jua halijazama hospitali ilijaa. Watu walitapika, wakatokwa na jasho na mate kama ng'ombe aliyekula majani mabaya. Suzana mwenyewe alikuwa mmoja wao. Tabibu aliwafunua macho, akaona mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, akasema kwa sauti, kila mtu akisikia: "Hii ni dawa ya pamba." Mungu alisitiri, hakufa mtu. Lakini lile neno lilitoka hospitali kwa miguu yake lenyewe, na likaja moja kwa moja kwangu. Maana nani katika mtaa ule anaoka kwenye makopo ambayo watu hawajui yalibeba nini?

Wagonjwa walipotoka hospitali, buzengo lilikutana uani kwa Mzee Maduhu. Nilienda na makopo yangu katika kitambaa kile kile cha Sista Agata, nikayapanga chini. Veronika alisimama nyuma yangu na sare ya shule.

"Mama Veronika," Mzee Maduhu alianza kwa upole, "hakuna anayekuchukia hapa. Tuambie tu, makopo haya uliyatoa wapi?"

"Kwa masista, mzee. Ni ya maziwa. Yanuseni."

"Tunuse sumu, mayu?" akadakia mmoja kutoka nyuma. "Unataka tulazwe tena?" Watu wakacheka, cheko la watu waliotoka kuogopa.

Nikasema, "Wanakwaya walichelewa kufika. Walikuta donati zimekwisha, walikunywa juisi tu. Mbona nao walilazwa? Na mwanangu huyu alikula donati za tanuru lile lile asubuhi ile. Huyu hapa, amesimama."

Niliwaona wanafikiri. Niliona wazi kabisa, kama unavyoona donati inapoanza kuvimba na unajua kwamba sasa itakuwa.

Mzee Maduhu akainamisha kichwa, akakiinua. "Kwa hiyo, mama, mimi ndiye niliyewanywesha wageni wangu sumu? Siku ya kipaimara cha mwanangu? Mwanangu mwenyewe nikamnywesha?"

"Sijasema wewe, mzee. Nimesema juisi."

"Juisi imetoka nyumba ya nani?"

Hapo nikamtazama Mama Suzana. Alikuwa amekaa mlangoni kwake na kanga usoni, analia. Nilidhani anamlilia mtoto. Veronika akanivuta mkono. "Mama, waambie. Waambie tena." Nikawaambia tena. Lakini mvua zilikuwa zimeanza, pamba imeota, na kila aliyekaa pale alihitaji dawa kutoka stoo ile kabla mwezi haujaisha. Mtu hatazami donati tena akikumbuka shamba lake. Mzee mmoja alichukua kijiti, akasukuma makopo yangu nayo, kopo baada ya kopo, kana kwamba yangemng'ata.

Hawakunitoza faini. Faini ingekuwa heri, maana mtu analipa halafu imekwisha. Walisema tu kwamba kwa usalama, chakula cha nyumba yangu kisije tena kwenye shughuli za watu.

Ninyi mliozaliwa kwenye keki za kuagiza hamjui uzito wa hilo. Jirani alipofiwa, kila nyumba ilipeleka chakula. Nami nilipeleka chungu cha michembe, viazi vikavu nilivyopika kwa karanga. Nilipokelewa kwa asante nyingi, "Wabeja mayu, wabeja sana," kikawekwa pembeni. Jioni nilikikuta pale pale, kimejaa, na mbwa amekaa karibu anasubiri ruhusa. Nikakibeba kichwani kurudi nyumbani. Njiani hakuna aliyenitukana. Wote walinisalimu.

Hospitalini ndiko walikotukana, kwa mzaha. "Mama Ndizi, leo umeoka za watu au za panya?" Muuguzi mmoja aliendelea kununua, akinunua moja na kuila mbele ya wenzake kwa makusudi. Mungu ambariki popote alipo. Lakini donati moja haisomeshi mtoto. Veronika alirudi nyumbani akiwa kidato cha pili. Alikunja sare yake akaiweka chini ya godoro, akachukua jembe. Hakunilaumu, na mpaka leo hajanilaumu. Hilo ndilo linaloniuma. Aliolewa Ngulyati, analima pamba. Ananyunyizia dawa kwa mikono yake.

Mkiniuliza nilipataje kuishi, nitawaambia: kwa kuoka. Niliwaokea wapita njia, watu wa minada, wageni wa stendi wasionijua. Mtu asiyejua habari zako ni mteja mzuri. Na kila siku niliingiza mkono tanuruni, nikasali mpaka "mkate wetu wa kila siku", nikautoa. Ilipita miaka nikagundua kwamba sehemu inayofuata nilikuwa naisali kanisani tu, pamoja na watu, ambako sauti ya mmoja haisikiki.

Mzee Maduhu alipokwisha kufa, Mama Suzana akaugua, akalazwa. Nilimpelekea uji. Msiniulize kwa nini. Nilifundishwa kazi za huruma kabla sijafundishwa kuoka, na mgonjwa ni mgonjwa. Alikunywa kidogo, akaweka kikombe, akashika mkono wangu huu wa tanuru.

"Lile dumu, mayu," akasema.

Sikumuuliza dumu gani.

"Maji yalipungua siku ile. Nikachukua dumu stoo, tupu, zuri. Nililisugua kwa majivu na mchanga mpaka mikono ikaniwasha. Nikanusa, sikusikia kitu. Nikatia maji, nikatia ukwaju. Mtoto alipoanza kutapika ndipo nikajua. Nikamwambia baba yake usiku ule ule. Akasema tukisema, nani atachukua dawa kwetu tena? Na watu watatufanya nini? Akasema ngoja, itapoa. Akaenda akalitoboa lile dumu, akalizika."

"Alilitoboa," nikasema.

"Ndiyo. Kwa msumari."

Nilitaka kucheka, wanangu. Miaka yote tangu ruksa, mtaa mzima hakuna aliyetoboa dumu, na la kwanza kutobolewa lilitobolewa ili kunizika mimi.

"Nisamehe," akasema.

"Nimekusamehe." Na nilikuwa nasema kweli, kadiri mtu anavyoweza kusema kweli akiwa amesimama na kikombe cha mtu mwingine mkononi. "Ila kaseme, mayu. Siku moja tu, mbele ya jumuiya. Sitaki kingine."

"Nikipona, nitasema."

Nilimwombea apone. Niliomba kwa moyo wote, novena nzima. Akapona. Namshukuru Mungu alipona. Alirudi kanisani, akakaa benchi la mbele yangu, nikawa naona kisogo chake kila Jumapili kwa miaka. Tulipopeana amani alinipa mkono na kuutazama mkono, hakunitazama usoni. Hakusema. Alipokufa nilikwenda kumzika, na michembe yangu niliiacha nyumbani.

Mtauliza mbona mimi mwenyewe sikusema. Mwanzoni nilisema na hamkusikia, yaani wazazi wenu hawakusikia. Baadaye nilikuwa na neno la mgonjwa lisilo na shahidi. Mwishowe nilikuwa nimezoea. Watu wanasema nina subira. Mimi sijui kama ni subira au ni uchovu uliojifunza kupiga magoti.

Mambo yamebadilika, na mengine vizuri. Mna majiko ya gesi yenye kioo, mnaiona donati ikivimba bila kufungua mlango. Mna hamira ya unga ya kopo isiyo na rangi ya chura. Mna vyombo laini visivyong'ang'ania. Vitumieni. Sishikilii makopo kwa sababu ya uzamani. Lakini msinunue dumu ambalo hamjui lilibeba nini, hata likiwa zuri kama yai, na mkiishiwa dawa ya pamba shambani, litoboeni siku hiyo hiyo, mchana, watu wakiona.

Mwaka huu baada ya mavuno Veronika alikuja kunitembelea kutoka Ngulyati, na mzigo wa miti ya pamba umefungwa nyuma ya bodaboda. Tulikuwa tunaoka, yeye akiponda ndizi kama zamani, mimi nachochea tanuru. Bodaboda nyingine ikasimama, akashuka Suzana. Sasa ni muuguzi mkubwa, mama mwenye heshima zake, na mwanawe ndiye anayejiandaa kwa kipaimara.

"Mwangaluka, mama," akaniamkia.

"Mwangaluka, ng'wanone," nikamjibu kama mwanangu. "Karibu kiti."

Alikaa, akasifu harufu, akala donati ya moto akipuliza vidole. "Mama, hizi ndizo nataka. Watoto wamechoka na keki zile za krimu. Nataka donati za ndizi kama zile za kipaimara changu." Kisha akaguna. "Ila, mama, usinielewe vibaya."

"Sema tu."

"Nimenunua vyombo vipya vya kuokea, vya dukani, vina shimo tayari. Nitakuletea, utumie hivyo. Si mimi, mama. Unawajua watu. Hawajasahau."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka kutapika tu. Na mama alivyolia. Alilia mpaka nikadhani nakufa."

"Alilia," nikasema. "Nilimwona."

Nyuma yangu mwiko wa Veronika ukasimama kwenye bakuli. Akasema polepole, maneno yale yale aliyosema akiwa na sare ya shule: "Mama, mwambie."

"Aniambie nini?" Suzana akatutazama sote wawili, mdomo una chembe za donati, uso wa mtoto anayempenda mama yake aliyekufa.

Nikasema, "Vilete vyombo vyako. Nitavitumia. Ila maji ya juisi siku hiyo nitakuja nayo mimi."

Akacheka. "Maji? Mama, siku hizi bomba liko mpaka jikoni!"

"Najua. Nitakuja nayo."

"Haya, mama, wabeja." Alicheka mpaka anapanda bodaboda, akanipungia mkono.

Veronika alirudi kuponda ndizi, na zikapondeka zaidi ya inavyotakiwa. Mimi nikaingiza mkono tanuruni, nikaanza. Nikafika "mkate wetu wa kila siku", mkono haukuungua. Nikaendelea, utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea, mpaka amina, na kiganja kimestarehe. Tulipokuwa tukiongea na mgeni, moto ulikuwa umekufa.

"Ongeza miti, mwanangu," nikamwambia Veronika. "Tanuru limepoa."